Akina Mama Hawakuisindikiza TANU

Kila ifikapo Saba Saba, picha moja hutolewa kabatini ikachapwa upya. Ni ile picha ya wajumbe wa mkutano wa Julai 1954 uliozaa Chama cha TANU. Ni picha ya heshima, na inastahili heshima hiyo. Lakini anayeitazama kwa makini ataona jambo ambalo limezoeleka mno hata halitajwi tena: katika safu zile za waasisi hamna mwanamke hata mmoja.

Hatusemi hivyo kwa nia ya kuwapunguzia waasisi sifa yao. Tunasema hivyo kwa kuwa picha, ikitazamwa miaka mingi bila maelezo, hugeuka kuwa historia yenyewe. Mtoto wa shule anayeiona kila mwaka huishia kuamini kwamba Uhuru wa Tanganyika ulidaiwa na wanaume, ukapiganiwa na wanaume, ukaletwa na wanaume, na kwamba akina mama walikuwapo pembeni wakipiga vigelegele. Hata wasemaji wetu majukwaani, wenye nia njema kabisa, hupenda kusema kwamba akina mama "waliunga mkono" mapambano. Anayeunga mkono ni mtu wa pili. Wa kwanza ni yule anayeungwa. Sisi tunasema mambo hayakuwa hivyo. Katika miaka ile ya mwanzo, hasa mjini Dar es Salaam, akina mama ndio waliokitoa Chama katika hali ya kundi dogo la wasomi na wafanyabiashara wakakifanya chama cha umma, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa na vitu ambavyo wanaume wale hawakuwa navyo.

Yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Mwaka 1953, Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining iliwapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Kwa Tanganyika ya wakati ule, amri hiyo ilikuwa sawa na kukikata chama kichwa kabla hakijazaliwa, kwani Mwafrika aliyesoma mara nyingi alikuwa ama karani, ama mwalimu, ama mganga wa hospitali, na mshahara wake ulitoka katika mfuko huo huo wa mtawala. Mwalimu Nyerere, ingawa shule yake ya Pugu ilikuwa ya misheni, naye ilimbidi achague, na mwezi Machi 1955 aliacha kufundisha ili aishike kazi ya Chama. Si kila mtu aliweza kufanya vile. Wako waliokuwa na watoto wengi na mshahara mmoja, nasi hatuwalaumu. Ikawa TANU ina katiba nzuri na madai ya haki, lakini wenye kadi ni wachache, na wengi wa wale walioipenda waliipendea chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Mwanamke wa Kariakoo, Ilala au Gerezani hakuwa na mshahara wa kunyang'anywa. Alikaanga maandazi na vitumbua, alipika pombe, alishona, alipangisha chumba. Bwana Shauri hakuwa na barua ya kumwachisha kazi mama huyo, kwa sababu hakuwa amemwajiri. Unyonge ule ule ambao mkoloni aliuhesabu kuwa dalili ya mtu asiye na maana ndio uliompa nafasi ya kusema hadharani yale ambayo karani aliyasema kwa kunong'ona. Tena wengi wa akina mama waliojitokeza mwanzo walikuwa watu wazima, wamekwisha kuolewa na kulea, baadhi yao wamekwisha kuachika, wakijitegemea kwa mikono yao. Walikuwa wamezoea kujiamulia mambo.

Hata hivyo viongozi wa TANU hawakuwaona upesi. Imesimuliwa mara nyingi kwamba mwaka 1955, John Hatch wa Chama cha Leba cha Uingereza alipoitembelea nchi yetu, aliwauliza wenyeji wake kuhusu sehemu ya akina mama katika chama chao, na swali hilo likawakuta hawana jibu. Wake zao wengi walikuwa ndani, kwa desturi za mji wa wakati ule, nao wenyewe hawakuwa tayari kuwa wa kwanza kuwatoa. Si jambo la kujivunia sana kwamba swali hilo lililetwa na mgeni. Lakini lilikwisha kuulizwa, na katika kulitafutia jibu alitajwa mwanamke mmoja ambaye jina lake lilikuwa tayari linajulikana katika mitaa ya Waafrika, ingawa si kwa siasa.

Huyo ni Bibi Titi binti Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, na elimu yake ya shule iliishia darasa la nne. Yeye na mumewe, Boi Selemani, walikuwa wamekwisha kukata kadi za TANU; ya Bibi Titi ilikuwa namba 16. Lakini kilichomfanya ajulikane mjini ni sauti yake. Alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Hapa msomaji kijana anaweza kudhani kwamba tunasimulia habari za burudani. Tunamwomba avumilie, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kikundi cha ngoma cha akina mama wa pwani, kiwe cha lelemama au cha namna nyingine, hakikuwa mkusanyiko wa watu waliopenda kucheza tu. Kilikuwa na viongozi wenye vyeo vyao, na viongozi hao walitiiwa. Kilikuwa na michango, na mweka hazina aliyeulizwa habari za michango hiyo. Kilikuwa na sare za kanga zilizonunuliwa kwa pamoja. Mwanachama akifiwa kikundi kilikwenda msibani. Akioza binti, kikundi kilipika. Kilikuwa na ushindani mkali na vikundi vingine, wa kupigana vijembe kwa nyimbo hata watu wasisemezane. Na vikundi vya mji mmoja vilijuana na vya mji mwingine, vikaalikana na kutembeleana kwa ngoma, kwa harusi na kwa maulidi.

Sasa na tutazame ni kitu gani chama kipya cha siasa huhitaji. Huhitaji viongozi wanaotiiwa, michango inayokusanywa na kuhesabiwa, alama za kutambuana, njia ya kupeleka habari kutoka nyumba hadi nyumba bila kupita kwa askari kanzu, na marafiki katika miji mingine watakaokupokea ukifika usiku huna pa kulala. TANU ilikuwa bado inavitafuta vitu hivyo kwa taabu. Akina mama walikuwa navyo, wamevijenga wenyewe kwa miaka mingi, pasipo kufundishwa na mtu na pasipo ruhusa ya mtu. Bibi Titi alipokwenda kwa viongozi wa vikundi vile, akiwamo hata hasimu wake wa majukwaa ya ngoma, hakuomba mwanachama mmoja mmoja. Aliomba kikundi kizima, na kiongozi akikubali, kikundi kilikubali.

Ndiyo maana hesabu ilipanda kwa namna ambayo iliwashangaza hata wanaume wa TANU. Kufikia Oktoba 1955, miezi michache tu tangu sehemu ya akina mama ianzishwe, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekwisha kuandikishwa. Tunaomba takwimu hiyo isomwe polepole. Wakati huo Chama kilikuwa hakijatimiza miezi 18 tangu kuundwa.

Liko jambo jingine ambalo husahauliwa zaidi. Tumezoea kufundisha kwamba fikra ya taifa moja lisilo la kabila ilitoka kwa viongozi ikashuka kwa wananchi. Kwa sehemu ni kweli. Lakini katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, Mzaramo alikuwa amekwisha kukaa mkeka mmoja na Mmanyema, Mnyamwezi na Mngoni na Mdengereko, wote wakiimba kwa Kiswahili, wakizikana na kuozana, miaka mingi kabla TANU haijaandika neno lolote juu ya ukabila katika katiba yake. Mwalimu alipohubiri umoja, akina mama wale hawakuwa wakijifunza somo jipya. Walikuwa wakisikia jina la kitu ambacho walikuwa wakikiishi. Labda ndiyo sababu walikipokea upesi kuliko wengi waliosoma.

Bibi Titi akawa msemaji wa jukwaani, na kwa wakati ule hilo lilikuwa jambo zito. Mwanamke wa Kiislamu wa pwani asimame mbele ya halaiki ya wanaume, Mnazi Mmoja au Jangwani, apaze sauti kuhusu Gavana na Waingereza! Lakini mtu aliyezoea kuimbisha anajua mambo ambayo mhadhiri hayajui: mahali pa kushusha sauti, mahali pa kuwaachia wasikilizaji waitikie, na namna ya kumpiga kijembe mwenye nguvu hata watu wakacheka na kuacha kumwogopa. Alisafiri na Mwalimu, na mara nyingine bila Mwalimu, akaingia mikoani, akala alichokipata na kulala alipolazwa.

Gharama yake ilikuwa kubwa, tena haikulipwa na yeye peke yake. Mama aliyetoka kwenda mkutanoni aliitwa majina ambayo hatutayaandika hapa. Wako ambao ndoa zao hazikustahimili. Wako waliouza walichokuwa nacho ili nauli ipatikane au taa ya ofisi iwake. Waliuza kadi nyumba kwa nyumba, wakawapikia wageni wa Chama waliotoka bara, wakachunga milango wakati wanaume wakizungumza, kisha wakaingia nao wakazungumza. Tatu binti Mzee alikuwa pamoja na Bibi Titi tangu siku za mwanzo. Lindi alikuwako Sharifa binti Mzee, na Moshi alikuwako Halima Selengia. Kilimanjaro ilimtoa pia Lucy Lameck, aliyejifunza uuguzi, baadaye akasoma Chuo cha Ruskin huko Oxford, akarudi kuwa mmoja wa wanawake wa kwanza nchini kushika unaibu waziri. Yeye ni mfano wa mwanamke aliyesoma, na habari zake zastahili nafasi yake pekee. Kwa upande wa Visiwani, akina mama wa Afro-Shirazi nao wana historia yao, ambayo haifai kubanwa katika aya moja ya makala inayohusu TANU.

Mwaka 1958 ulikuwa wa majaribu. Mwezi Julai Mwalimu alifikishwa mahakamani kwa yale aliyoyaandika katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa kwa michango ya watu. Mwaka huo huo TANU, baada ya mkutano wake wa Januari mjini Tabora, ilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Tunaujua uamuzi huo kwa jina la Uamuzi wa Busara, na matokeo yalionyesha kwamba ulikuwa wa busara kweli. Lakini huwa hatutaji upande wake mmoja. Haki ya kupiga kura ilifungwa na masharti ya kipato, elimu au wadhifa. Muuza vitumbua aliyeandikisha wanachama hamsini hakuwa na kipato hicho wala elimu hiyo. Basi yeye alikesha kuwahimiza wenye sifa wakajiandikishe na kupiga kura, na siku yenyewe ya kura akabaki nje ya kituo. Kufanya kazi kwa ajili ya haki ambayo wewe mwenyewe utaipata baadaye, kama utaipata, ni imani ya namna yake.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata sehemu ya akina mama wa TANU na vyama vingine vya wanawake viliunganishwa, ukazaliwa Umoja wa Wanawake, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Aliingia Bungeni na katika Serikali. Mwaka 1965 alishindwa katika uchaguzi wa ubunge, kama walivyoshindwa wengine wenye majina makubwa mwaka huo.

Na sasa tufike mahali ambapo wengi hupenda kuruka. Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na pamoja nalo miiko ya viongozi. Kiongozi hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa nazo, akachagua kuachia nyadhifa zake. Azimio lilikuwa na shabaha ya haki, ya kuwazuia viongozi wasigeuke kuwa makabaila juu ya migongo ya wakulima na wafanyakazi, na shabaha hiyo gazeti hili linaitetea. Lakini haki hutaka tuseme na neno la pili. Kwa mwanamke wa mjini asiye na elimu, asiye na pensheni, anayeweza kupewa talaka asubuhi na kuwa barabarani jioni, nyumba yenye chumba cha kupangisha haikuwa ubepari kama ule wa mwenye mashamba ya mkonge. Ilikuwa ndiyo pensheni yake, na ndiyo uhuru wake mbele ya mume na mbele ya mwajiri. Ni kitu kile kile kilichomwezesha mwaka 1955 kuchukua kadi pasipo kuomba ruhusa. Sheria iliyoandikwa kwa ajili ya kiongozi mwenye mshahara ilimwangukia na huyu aliyekuwa hana, kwa kipimo kimoja. Halikuwa jambo dogo, na yeye hakuwa na sababu ya kuliona kuwa dogo.

Oktoba 1969 alikamatwa, na mwaka uliofuata alishtakiwa pamoja na wengine kwa uhaini. Aliyakana mashtaka. Mahakama ilimtia hatiani ikampa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Rais alimfungulia kwa msamaha. Hatufungui kesi hiyo upya. Mahakama ilisema lake na Rais akasema lake. Tunalozungumzia ni kilichofuata baada ya yeye kutoka gerezani, maana hukumu ya mahakama ilikwisha 1972 lakini hukumu ya ukimya iliendelea. Kwa karibu miaka ishirini jina lake halikusemwa katika sherehe za Uhuru alioupigania. Ni mwaka 1991 tu, taifa lilipotimiza miaka 30 ya Uhuru, ndipo lilipoonekana tena katika gazeti la Chama miongoni mwa mashujaa. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na maelfu huipita kila siku.

Hasara ya ukimya ule haikumpata Bibi Titi peke yake. Yeye alikuwa ndiye mlango wa kuingilia historia ya akina mama wote waliokuwa naye, na mlango ulipofungwa, wote walibaki ndani. Kama kiongozi hatajwi, nani atamtaja mweka hazina wa kikundi cha ngoma wa Magomeni? Msomi mmoja wa Marekani, Susan Geiger, alikuja mwaka 1984 akaketi na akina mama hao, akawarekodi, na mwaka 1997 kazi yake ilitoka kuwa kitabu. Tunamshukuru. Lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza, na wajukuu wa wale waliosimulia wengi wao hawajakiona.

Yuko atakayesema kwamba mambo hayo yamekwisha kurekebishwa. Kwamba tangu tarehe 19 Machi 2021, alipoapishwa Rais Samia Suluhu Hassan, nchi hii imekwisha kumwona mwanamke katika kiti cha juu kabisa, na Bungeni wako akina mama wengi. Ni kweli, na ni jambo la fahari. Lakini tushuke tawini. Mgeni wa Chama anapofika, nani yuko jikoni na nani yuko mezani? Wimbo wa mapokezi ukiisha, waimbaji hukaribishwa kikaoni au huambiwa ahsanteni? Kiongozi wa tawi anayewaona akina mama kuwa ni kikundi cha hamasa, cha kuitwa siku ya mapokezi na kusahauliwa siku ya kugawa madaraka, hajui historia ya chama anachokiongoza. Waimbaji ndio waliokuwa chama. Na wako wanaozungumza juu ya viti maalumu kana kwamba ni sadaka. Ukihesabu kadi za 1955, utaona kwamba aliyekuwa akikopeshwa wakati huo hakuwa mwanamke.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo machache, na tunataka yasikilizwe na wanaohusika. Kila tawi lenye umri wa kutosha litafute majina ya akina mama waliochukua kadi za TANU na za Afro-Shirazi kabla ya Uhuru na kabla ya Mapinduzi, liyaandike, na liyapeleke wilayani. UWT iwatume vijana wake wenye simu za kurekodia waende kwa wale walio hai, wawaulize habari za vikundi vyao vya ngoma, viongozi wake, michango yake na ugomvi wake, si hotuba za Mnazi Mmoja pekee. Walioko kwenye mitaala waone kwamba kitabu cha historia cha shule ya msingi kinaeleza ni nani aliyeandikisha wanachama wale 5,000 na kwa njia gani. Na siku ya Saba Saba, picha ya waasisi ikichapwa, pembeni yake ichapwe na picha ya akina mama wa sehemu ya wanawake ya TANU, kwa majina yao.

Jambo hili lina haraka. Msichana aliyekuwa na miaka 18 alipochukua kadi mwaka 1955 alizaliwa 1937, na leo, kama yu hai, amekwisha kuvuka miaka 85. Baadhi yao wako Kariakoo, Lindi, Tanga na Tabora, wamekaa barazani, na katibu wa tawi hupita mbele yao kila asubuhi akienda ofisini.